Kura ya Asali

Itigi, Septemba 1995

Dada Aneth,

Shikamoo. Huku nyuki wamerudi na mji mzima unanukia maua. Nikiwa ofisini najiona kama ninaelea.

Jumamosi kilikuja kikundi cha elimu ya uraia, mchungaji na shehe pamoja, wasio na chama chochote. Walitufundisha kura ya siri kwa kuchagua asali: ya nyuki wakubwa au ya nyuki wadogo. Bibi Mariamu, jirani yangu, akatoka nyuma ya pazia la kupigia kura ameinua karatasi juu. “Nyuki wadogo! Kwani mimi mwizi, nijifiche?”

Tulicheka mpaka machozi. Shehe akamwambia taratibu, “Bibi, mwakani mwenye nyuki wakubwa asije akakunyima asali.” Bibi akarudi nyuma ya pazia, akapiga kura upya.

Nilipoona hivyo, nikakubali kuwa mwangalizi wa kikundi hicho siku ya uchaguzi mkuu mwezi ujao.

Leo mkuu wangu wa ofisi, mtu wa chama tawala, kaniuliza, akitabasamu, “Karani, anayekula kwangu anachungulia chungu changu?” Lakini sikujitoa.

Ukiniona nashuka kwenye treni hapo Tabora na sanduku langu, dada, usimwambie mama sababu. Nitandikie tu kitanda.

Mdogo wako,
Chediel