Pedali Niliyomtengenezea Salimu

Lushoto, kipupwe

Kwa Mama Salimu, mke wangu, Mkwaja.

Asalaam alekumu. Dada Kidawa, wewe unayemsomea, kwanza ingieni ndani mfunge mlango. Barua iliyopita mliisoma barazani, nimepata habari, watu wakapiga makofi. Hii si ya baraza.

Mama Salimu, salamu zangu zikukute umekaa. Goti lako la kulia linasemaje? Makuti ya jikoni umebadilisha, au bado unanisubiri mimi? Usinisubiri. Mimi mzima, ila baridi ya huku imeingia mifupani na haina nia ya kutoka. Asubuhi natoa moshi kinywani kama mvuta kiko, na unajua sijavuta hata siku moja. Mwanao Salimu ni mzima wa mwili. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Yupo karani pale posta anawaandikia watu, mwandiko wake mzuri kuliko wangu, lakini anauliza maswali.

Nilikuaga mwezi mmoja tu, nikakuahidi nitamrudisha mtoto akilipiga gitaa lake kama zamani. Hiki sasa ni kipupwe cha pili. Vile vidole viwili vya mkono wa kushoto vilivyokwenda na mashine ya mkonge haviwezi kuota tena, hilo nililijua. Lakini kwa vile vilivyobaki alijifunza upya kushika nyuzi, na Filemoni, mwenye bendi inayopiga pale hotelini, akamchukua. Kasoro ilibaki moja. Unakumbuka alivyokuwa akibonyeza uzi na kuutikisa, gitaa likalia kama mtu, wewe ukaacha kukuna nazi ukasikiliza? Kutikisa kule kulitaka kidole kile kile kilichokatwa.

Filemoni ni Mshambaa, mtu wa kanisani, hana ubaya, lakini hajui kumpaka mtu mafuta. Alinijia hapa barazani ninapotengenezea cherehani za watu, akasema, "Mzee wa pwani, shikamoo. Wageni wa hoteli wanataka gitaa linalolia. La mwanao linahesabu tu." Akampa muda mpaka Jumamosi ya karamu. Lisipolia, anamleta mpigaji mwingine kutoka Korogwe.

Basi mimi ni mtu wa kukaa kimya? Bendi ina sanduku la umeme la kukuzia sauti, na ndani yake mna kitu cha kuitetemesha. Juu kuna kitufe: ukikizungusha huku sauti inatetemeka pole, ukikizungusha kule inatetemeka mbio. Tena walikuwa na pedali ya chuma, mfano wa ile ya cherehani, lakini ya mguu mmoja. Kazi yake kupandisha sauti na kuishusha, basi, na ilikuwa imetupwa kando. Nikaitazama siku moja nikaifahamu. Kuanzia Mkwaja, Pangani, mpaka Kigombe, ni nani anayezijua pedali kuliko mimi? Nikamwambia Filemoni, "Hii nitaifundisha kazi nyingine."

Akacheka. "Mzee, huo umeme, si uzi."

"Umeme nao ni uzi," nikamwambia, "ila huu unauma."

Ukaniuma kweli siku ya pili, kofia ikaenda upande wake na mimi wangu, lakini hayo si ya kuandika.

Nikueleze, maana huku juu hakuna aliyepata kuifanya kazi hii. Zamani sauti ya gitaa ilikuwa inaingia kwenye pedali, inapita, inatoka. Mimi nikaiondoa humo, gitaa likaenda moja kwa moja sandukuni. Kisha nikavuta waya tatu kutoka kwenye pedali mpaka pale pa kitufe cha mtetemo, na kitufe chenyewe nikakitoa. Sasa mguuni haipiti sauti, inapita amri. Salimu akikanyaga kidogo linatetemeka pole, akizidisha linakwenda mbio. Kidole nimekihamishia mguuni.

Mwanzo haikukubali. Unakanyaga, unakanyaga, hakuna kitu, halafu mwisho kabisa mtetemo wote unaruka kwa pamoja, kama mtu aliyenyamaza kikao kizima akafoka watu wanapoagana. Kosa si langu. Kile kidude cha duara kilichomo ndani kiliundwa kwa kupandisha sauti, hakigawi sawasawa. Nikafungua redio zilizokufa, nikajaribu vidude vitatu, cha tatu kikagawa sawa. Kazi yote nikiifanya jikoni mwa hoteli, karibu na jiko, kwa sababu umeme upo na joto lipo. Salimu akaketi, akakanyaga, gitaa likalia. Wapishi wakaacha masufuria. Yeye akanitazama tu. Nikatoka nje nikajifanya napenga kamasi.

Siku hiyo ndiyo niliyokuandikia ile barua ya makofi.

Sasa sikiliza. Pedali ilikuwa inalia kwi, kwi, kila ikikanyagwa. Salimu akasema, "Baba, niende dukani nikanunue mafuta ya cherehani?" Nikamwambia, "Mafuta gani yatayashinda ya mama yako?" Nikachukua ile chupa ya mafuta ya nazi uliyonitumia nijichue miguu, nikaimiminia pedali yote, mhimili wake, kamba yake ya ndani, mpaka kidude chenyewe. Ikanyamaza. Ikawa laini kama mlenda.

Jumamosi tangu asubuhi wakavipanga vyombo ukumbini. Ukumbi wa mawe, ukungu umefika mlangoni, wageni wamekaa na makoti yao. Mama Salimu, kila aliyezaliwa penye minazi anajua mafuta ya nazi yanaganda kipupwe. Mara ngapi umeyakuta meupe chupani ukayatoa juani? Na hicho ni kipupwe cha Mkwaja. Mimi nilikuwa nimekaa na jiko, nikasahau.

Alasiri wakaanza. Wimbo ulipofika mahali pa kulia, Salimu akakanyaga. Haikwenda. Akakanyaga kwa nguvu, ikaenda mpaka chini mara moja, ikabaki huko huko. Gitaa likatetemeka kama mbuzi aliyefungwa kamba. Mgeni mmoja akacheka, kisha meza yake nzima ikacheka. Mwanao akawa anaiinua pedali kwa ncha ya kiatu mbele za watu, haiinuki. Filemoni akainama akauzima mtetemo. Salimu akaumaliza wimbo vile vile, kwa kuhesabu.

Nikamwambia Filemoni kosa ni la baridi. Akanijibu, "Baridi imetangulia hapa kabla yako, mzee." Mpigaji wa Korogwe alifika Jumatatu.

Lakini mimi si mtu wa kushindwa na chuma. Nikaifungua, nikaiosha yote kwa mafuta ya taa, nikatia mafuta ya cherehani matone mawili tu. Sasa inakwenda kuliko mwanzo. Nikamwita Salimu, "Njoo ukanyage."

"Baba, tuache."

"Mara moja tu."

Akaja. Hakukanyaga. Akasema nami kwa upole, kama mtu anayesema na mgonjwa, "Hata siku ile jikoni, baba, lililolia lilikuwa sanduku. Mimi nilijua. Sikutaka kukuvunja moyo."

Nilimjibu maneno, na maneno hayo usiniulize. Siku hizi anapakia kabichi kwenye malori, na jioni hatuzungumzi mengi. Sanduku ni la bendi. Pedali wameniachia mimi, ninayo hapa chini ya meza ninapoandika. Haina waya. Nikiikanyaga inashuka na kupanda, kimya. Chupa yako ipo, imebaki nusu, imeganda.

Tutashuka wote wawili kabla ya Ramadhani. Watu wakiuliza, waambie wanakuja, usiongeze neno.

Msalimie shemeji Mgeni, anayenitunzia mnazi wangu wa kisimani, mwambie sikumsahau. Msalimie mwalimu wa chuo, aliyemfundisha Salimu alifu. Na wewe dada Kidawa, uliyenifundisha herufi hizi za kizungu kwa mkaa ukutani nikiwa tayari nina mvi, pokea shikamoo yangu, na uliyoyasoma yafie humo chumbani.

Mama Salimu, la mwisho. Lile gitaa la kwanza nililomchongea mimi kwa mbao za sanduku la chai, ulilolitundika chumbani kwake siku alipoondoka, lishushe. Usilitupe, wala usimpe mtu. Lifunge kwa kanga uliweke mvunguni mwa kitanda chako wewe, si chake. Pale ukutani patabaki umbo lake, peupe, penginepo pameingia moshi. Papake chokaa ukuta mzima, asijue lilikuwa wapi.

Ni mimi mumeo,
Fundi Bakari