Chiriku Yuko Kwangu

Nyumba za Walimu,
Mlango wa pili kutoka bombani.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu za heshima kutoka kwa mdogo wako. Mgongo unaendeleaje? Na yule bibi unayemtunza, bado anakataa kuinuliwa na mtu yeyote ila wewe? Mwambie tulikuzoesha sisi wadogo zako, tuliokuwa tunadai kubebwa hadi tulipoota meno ya pili. Huku tuko salama. Mume wangu yuko na cherehani yake, miguu inakanyaga na mdomo unasimulia, na wateja wanasubiri nguo zao tangu mwezi jana.

Barua hii nampa mwenzako aliyekuja likizo, anarudi huko kesho. Simu zangu hupokei, na sikulaumu, kwa kuwa kaka alinitangulia kukupigia. Najua amekuambia nimempeleka serikalini na kuanika nguo za ndani za ukoo mzima. La kwanza ni kweli. La pili tutazungumza. Kabla ya yote ujue kwamba mwanao anakula, na ninavyoandika amelala usingizi wa mchana hapa nyuma yangu.

Unajua Chiriku yuko darasa la tatu na mimi nafundisha la saba, kwa hiyo nilikuwa namwona kwenye mistari ya asubuhi tu. Kwa kaka, ulikomwacha, nilikuwa nakwenda, nakaribishwa sebuleni, napewa chai, naambiwa mtoto yuko kwa jirani anacheza. Shuleni tulikuwa tunamsifu. Alikuwa wa kwanza kufika, mlinzi hata taa ya getini hajazima, na wa mwisho kuondoka. Anafagia darasa, ananyoosha madawati. Mwalimu mkuu akamsimamisha mbele ya shule nzima, akampa cheo cha kiranja wa kuwahi na beji ya kitambaa. Watu wakapiga makofi, na mimi nikiwemo.

Kumbe alikuwa anawahi kwa sababu kaka na wifi wakitoka alfajiri kwenda kazini wanafunga mlango, naye yuko nje. Jioni anakaa barazani mpaka warudi, na chakula anapata kikibaki tu. Sisi walimu, watu wa vyeti, tulimvisha mtoto beji kwa kufungiwa nje.

Aliyegundua ni mwalimu wake wa darasa, kijana mmoja mpole tunayemwita Babu kwa jinsi anavyotembea. Aliona Chiriku haegemei dawati lake. Akamwita pembeni, mlango ukiwa wazi, akamuuliza swali moja tu, kama mgongo unamuuma.

"Ni mkanda," akasema mtoto, "lakini sikulia."

Babu hakumchimba zaidi. Hakumfunua nguo, wala hakumwahidi kuwa itakuwa siri yao wawili. Alimwambia amefanya vizuri kusema, na kwamba atamwambia mtu ambaye kazi yake ni kumsaidia. Kisha akaandika maneno ya mtoto kama yalivyotoka na kumpelekea mwalimu wa ushauri.

Hapo ndipo mambo yalipotaka kuharibika. Unaijua shule yetu: kioo kikivunjika, aitwe mzazi, mtoto akisinzia, aitwe mzazi. Mwalimu mkuu si mtu mbaya, ila alikuwa ameshashika simu ampigie kaka, aje tuyamalize ofisini. Tena akaniita na mimi nikae upande wa familia. Mwalimu wa ushauri, yule mama mnene asiyepandisha sauti hata akiibiwa, akaweka kiganja chake juu ya ile simu.

"Mkuu, ukimwita leo, huyu mtoto atalala wapi leo?"

"Lakini hatuna uhakika bado, mama."

"Uhakika si kazi yetu. Sisi tukishuku, tunatoa taarifa. Wa kuchunguza wapo."

Kisha akaniomba nitoke, maana mimi ni ndugu. Nilinuna, lakini alikuwa sahihi. Kabla sijatoka nilisema apigiwe afisa wa ustawi wa jamii, na isingojwe kesho. Kwa hiyo kaka akikuambia nilikuwemo, hajakudanganya. Ni kaka yangu pia, Dada. Ndiye aliyenifundisha baiskeli. Nilisema vile na niliumia, na ningesema tena.

Afisa alifika kabla ya kengele ya kwenda nyumbani, pamoja na askari mwanamke asiyevaa sare. Daktari akamwangalia. Kuna alama mpya na kuna za zamani, zinapona vizuri. Kaka anasema alikuwa anamfunza adabu. Uchunguzi unaendelea, na kwa sasa wamemweka Chiriku kwangu.

Shangazi alikuja juzi kunisuluhisha na kaka. Akaniambia zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nikamjibu kwamba hata likibakisha, si limekula? Akaondoka bila kumaliza chai, na kwa shangazi hiyo si hasira ndogo.

Mwanao tuliyempa jina kwa ajili ya maneno mengi, sasa hivi anaomba ruhusa ya kunywa maji. Mkate anauficha chini ya mto. Jana alivunja kikombe akaingia uvunguni mwa kitanda. Mume wangu akalala sakafuni kando yake, akamsimulia habari za mteja aliyeshonewa suruali yenye mguu mmoja mrefu, mpaka akatoka mwenyewe. Alicheka kidogo.

Wiki hii afisa atakupigia. Atataka kujua kama unakubali mtoto akae hapa. Nasikia kaka amekuomba useme ni ugomvi wa mawifi tu. Ukisema hivyo, utaipa nguvu hoja ya kumrudisha kwenye baraza ile. Sikulazimishi unichague mimi. Ukiona sifai, taja mwingine, nitamfungia mizigo yake mimi mwenyewe bila kinyongo. Ila kule asirudi.

Shemeji yako fundi anakusalimu. Shangazi naye anakusalimu, ingawa hakuniambia nikuandikie. Nisalimie wenzako wa huko na huyo bibi yako.

Neno la mwisho. Nilimuuliza Chiriku anataka nikuambie nini, akasema nisiandike kitu. Baadaye ndipo aliponieleza. Wifi alimwambia kwamba akithubutu kusema ya nyumbani, wewe utafukuzwa kazi huko. Muda wote ule aliokuwa kimya, alikuwa anakulindia kazi. Nimemwambia si kweli. Mwalimu wa ushauri amemwambia, afisa amemwambia. Anatusikiliza kwa adabu zote, kisha anauliza kama mama bado yuko kazini. Mpigie, Dada, asikie kwako.

Mungu akulinde na akupe nguvu ya kupiga simu hiyo.

Mdogo wako akupendaye, hata ukininunia,

Mama Mdogo wa Chiriku