Majina Manne kwa Wino Mwekundu

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini hujambo na kile kikohozi kimechoka kukufuata, maana najua wewe hukuchoka kukipuuza. Mama namwamkia pia. Mwambie dawa za presha si za kumeza siku wakija wageni tu. Kaka, wifi na watoto wote wasalimie. Mimi ni mzima, sauti tu imekauka. Naomba barua hii uisome mwenyewe, polepole, kabla hujampa mtu mwingine.

Shule yetu inatimiza miaka sitini. Mwalimu mkuu, yule ambaye wanafunzi wanamwita Kengele kwa sababu akisema neno ofisini linasikika hadi barabarani, alinipa kazi ya kuandika kijitabu cha historia ya shule. Alitaka kurasa kumi na mbili, picha nyingi, na majina ya waliosoma hapa wakawa wakubwa. Nikapewa ufunguo wa stoo. Humo, chini ya madawati mabovu na ramani zilizotafunwa na panya, nilikuta rejista ya mwaka wa kwanza kabisa.

Ina majina arobaini na moja. Manne yamekatwa kwa wino mwekundu, na pembeni mwalimu wa wakati huo ameandika: "Wameondolewa. Wazazi hawataki watoto wao wakae na watoto wa topasi, wasafisha vyoo." Chini yake, wiki moja baadaye: "Walioondolewa wazuiwe kusimama madirishani." Jina la tatu kati ya hayo manne ni lako, baba. Kwenye alama za hesabu ulikuwa wa kwanza.

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi. Ulituambia hukuwahi kukanyaga darasa, kwamba herufi ulijifunzia kwenye magazeti ya kufungia sabuni. Ulimpeleka kaka, kisha mimi, kwa shangazi tukasome mbali, nasi tukadhani unatuepusha na mtaa wetu wa chini. Kumbe ulikuwa unatuepusha na shule hii. Na nilipopangiwa kufundisha hapa uliniuliza swali moja tu, kama madirisha ya upande wa barabara bado yapo. Nikacheka. Nikasema baba naye, mtu anakupa habari za ajira, wewe unauliza madirisha!

Ningeweza kuirudisha rejista mahali pake nikanyamaza. Lakini mwezi huo huo kamati ya wazazi ilileta ombi: watoto kumi na wanane wa mtaa wa chini wahamishiwe zamu ya mchana, wasome peke yao. Hakuna aliyetamka neno topasi. Siku hizi watu wamesoma. Walisema "mazingira ya nyumbani". Walisema ni kwa faida ya watoto wenyewe.

Nikampelekea Kengele ule ukurasa. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alinong'ona. Alisema sherehe si siku ya kufukua makaburi. Nikamjibu kwamba waliomo humo bado hawajafa, na wengine tunataka kuwazika sasa hivi, wangali na miaka minane.

Siku ya kikao cha wazazi cha kulipigia kura ombi hilo nilisimama, nikausoma ukurasa wote. Mwenyekiti wa kamati, yule mama mwenye duka la kushona sare, aliniuliza kwa upole kabisa mambo hayo ya kale yananihusu nini mimi, binti wa mwashi.

Hapo, baba, ndipo penye aibu yangu. Kwa miaka tisa nimewaambia hapa kwamba baba yangu ni mwashi, anajenga majumba mji mwingine. Na unaikumbuka ile Jumatatu, kabla hamjahamia kwa kaka, nilipolala kwenu nikasahau funguo, ukaniletea shuleni ukiwa na nguo zako za kazi. Walimu wawili walikuwa nami barazani. Mmoja aliuliza huyu ni nani. Nikasema, "Ni mzee anayenisafishia choo." Ulikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Ulisikia, na mimi nilijua umesikia. Ukainamisha kichwa ukasema, "Mwalimu, umesahau funguo zako." Ukaondoka. Jioni hukusema kitu, wala kesho yake, wala hadi leo. Wazazi wa watu walikufukuza darasani ukiwa mtoto. Mimi, niliyesomeshwa na mikono yako, nilikufukuza barazani ukiwa mtu mzima. Nisamehe, baba.

Basi nikamjibu yule mama mbele ya wote. Nilimwambia, "Huyu wa tatu ndiye baba yangu. Hakujenga nyumba ya mtu. Alisafisha vyoo vya mji huu miaka thelathini na nane, na chenu ni kimojawapo."

Kikao kikavurugika kama sokoni. Kura zilipopigwa, ombi lilianguka kwa tofauti ya kura tatu. Wazazi wawili wamewahamisha watoto wao. Kengele ameninyang'anya somo la historia na kunipa darasa la kwanza, watoto sitini na wawili wanaolia wote kwa pamoja. Ndiyo maana sina sauti. Haidhuru. Katika hao sitini na wawili, saba ni wa mtaa wa chini, nami nimewachanganya na wenzao, dawati kwa dawati. Mzazi asiyetaka aje aniambie mimi, uso kwa uso.

Ukurasa ule umeingia kwenye kijitabu. Nilikataa kukikabidhi bila huo, na mpiga chapa ameshauchapa. Utasomwa siku ya sherehe, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, uje usije. Lakini nakuomba uje. Kaka amekubali kukuleta. Mpite mlango wa mbele. Nitakuwa nimesimama hapo tangu asubuhi, na yeyote atakayeuliza wewe ni nani, usihangaike. Nitamjibu mimi.

Mama mbusu kwa ajili yangu, na wewe jifunike kifua usiku.

Ni mimi,
binti yako