Breki za Jumamosi

Mitchells Plain,
Jumapili, baada ya kanisa

Mama yangu mpenzi,

Kwanza nisamehe kwa kukaa kimya muda wote huu. Barua yako ninayo juu ya friji, na kila nikienda kuchukua maziwa inaniangalia. Si kwamba sikuwa na la kusema. Nikishika kalamu Kezia analia, Kezia akinyamaza mimi nasinzia. Leo Granville amemchukua mtoto wameenda kwa dada yake, nyumba imetulia, nikaona nisipoandika leo sitaandika tena.

Hujambo, Mama? Magoti yanasemaje na baridi ya huko Worcester? Bado unapanda ngazi za kanisa kwenda kuimba, au mwenyekiti wa kwaya amekubali mkae chini? Sisi tunasogeza siku. Masikio ya Kezia yamepona, kimebaki kikohozi cha asubuhi tu. Mimi mzima wa mwili, ila nimechoka, Mama, uchovu ule ambao ukilala unaamka nao. Kiwandani wamepunguza watu na kazi ni ileile. Nikirudi naanza zamu ya pili, ya nyumbani. Mkweo Granville anakusalimu, ingawa ameniambia hana hakika kama salamu zake utazipokea.

Najua kwa nini. Umeandika kwamba Mjomba Hendrik atakuja mwisho wa mwezi kulichukua gari la marehemu Baba, na kwamba kama nina akili nipakie nguo za mtoto nirudi naye, kwa sababu mwanamume anayefanya gari la familia kuwa mchezo wake ataniletea maiti ndani ya nyumba. Basi nikueleze, maana habari iliyokufikia ilipitia kwa Anti Farieda wa jirani, na habari ikipita kwa Anti Farieda hutoka imenenepa.

Ni kweli gari linaenda uwanjani, kule kwenye njia ya mbio za magari, Jumamosi moja katika mwezi. Siyo mashindano, Mama. Hakuna kombe wala mshindi. Watu wanaleta magari yao ya kila siku, yale waliyoyatengeneza wenyewe nyuma ya nyumba, wanaingia kwa makundi na kuzunguka. Huwezi kumpita mtu mpaka yeye mwenyewe atoe mkono akuonyeshe upande. Kabla ya kuingia kuna mzee wa ukaguzi anayetikisa betri kama imefungwa na kuchungulia chini ya viti, na akikuta hata chupa ya mtoto anakurudisha. Mara ya kwanza alitoa biskuti ya Kezia chini ya kanyagio, akauliza kama hiyo ndiyo iliyokuwa inaongeza mwendo.

Kwa hiyo Ijumaa jioni ya kuamkia siku hiyo tunatoa kiti cha nyuma, kiti cha mtoto, tairi la akiba na makombo. Halafu tunabadilisha pedi za breki. Hapa nisikilize vizuri. Pedi za barabarani zikienda uwanjani zinaungua, kanyagio linazama mpaka sakafuni. Za uwanjani ni ngumu, zinataka moto. Ukizungusha raundi ya kwanza polepole zikapata joto, zinashika kama mbwa aliyeona mfupa. Zikiwa baridi ni sawa na kubana gurudumu kwa kipande cha sabuni. Ndiyo maana hatulali Jumapili bila kuzirudisha zile za kawaida. Ndiyo kanuni ya kila mwenye gari moja tu.

Jumamosi ile ya kabla ya ajali ilinyesha mvua, na mchana dada yake Granville akapiga simu kwamba Kezia ana homa. Tukafungasha mbiombio. Granville akarudisha viti jioni ileile, pedi akasema Jumapili. Jumapili wakamwita kazini. Akaliacha boksi la pedi juu ya meza ya jikoni ili nilione nijue bado. Mimi nikaliona, nikalisogeza nipate pa kuweka uji. Nilidhani ni boksi tupu. Yeye alidhani nimeelewa. Ndivyo tulivyo siku hizi, Mama, tunapishana mlangoni na kuachiana ishara badala ya maneno.

Jumatatu asubuhi ukungu ulikuwa mzito na lami imelowa. Nimemfunga Kezia nyuma, nampeleka kwa mama anayemlea. Pale kwenye kona ya duka la mkate Kaka Sedick muuza samaki alikuwa amesimamisha pikapu yake, anapuliza tarumbeta yake ya kuita wateja kama kawaida. Nikakanyaga breki. Kanyagio likawa gumu kama tofali na gari likaendelea kwenda. Sikuwa na mwendo, Mama, nakuapia, mtu wa baiskeli angenipita. Nilikanyaga kwa miguu yote miwili, tukamgonga nyuma, mlango wa pikapu ukafunguka na samaki wake wakateremka barabarani.

Kezia alijiuma mdomo, damu kidogo. Hiyo ndiyo damu yote uliyoambiwa. Kaka Sedick alishuka, akanitazama, akatazama samaki, akasema, “Dada, si ungepiga honi tu, ningekuuzia.” Vijana wa pale ukutani wakaanza. Mmoja akasema gari la Mercia lina mlio wa ndege na breki za mkokoteni. Mwingine akamwambia anyamaze asaidie kuokota, naye akajibu kwamba anaokota, lakini kwa mshahara wa samaki mmoja, tena snuku mnene. Hata mimi nilicheka. Nilikuwa nimemkumbatia mtoto, nacheka, na machozi yanatoka. Granville alitumia Jumapili mbili kuunyoosha ule mlango wa pikapu. Kaka Sedick hana neno nasi.

Halafu ukapiga simu, Mama. Granville ndiye aliyeipokea, mimi nikiwa bafuni namwosha Kezia. Nilikuwa nakusikia hadi kule. Ulimwuliza kama haoni haya, baba wa mtoto mdogo kucheza na magari kama mtoto wa shule, na kama Baba alilitengeneza lile gari kwa miaka yote ile ili yeye aje kuonyeshea ujana wake. Naye alikuwa anasema tu ndiyo Mama, nimekosa Mama, nimekuelewa Mama. Aliposhusha simu aliendelea kuosha chupa za maziwa. Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akajibu kwamba yeye ni mkwe, mkwe akitukanwa matusi yanapita kama mvua, lakini akitukanwa binti yanabaki ndani ya nyumba.

Nimelibeba jambo hili tangu siku ile na leo naliweka chini. Granville haendeshi gari lile uwanjani. Ninayeendesha ni mimi.

Yeye alijaribu mara moja. Alimwonyesha kila mtu njia ya kupita mpaka mkono ukamuuma, na wenzake wakamwita Mchungaji kwa sababu alikuwa kama anaongoza msafara wa mazishi. Alishuka akasema inatosha, akanipa helmeti. Toka siku hiyo kazi yake ni spana na upepo wa matairi, na kazi yangu ni usukani. Mimi ndiye ninayeondoa mguu kwenye kanyagio breki ikishashika pale kona ya mwisho. Wazee wenye magari makubwa wananipa mkono nipite, kisha wanakuja kuuliza huyo bwana mdogo ni nani. Nikivua helmeti wanabaki kuangaliana.

Siombi radhi kwa hilo, Mama. Nilitaka tu usimpige mtu asiyehusika. Unajua nani alinifundisha kuingiza gia nikiwa bado sifikii kanyagio bila mto mgongoni, na unajua ulikuwa unaufunga mlango wa jikoni usione. Sitaki ufunge tena. Wiki nzima kila mtu ananiita: msimamizi, mtoto, jirani, hata sufuria. Kule ndani naangalia kona moja, halafu inayofuata, basi. Sitoki nimepumzika. Natoka nimekuwa mtu mmoja, na mtu mmoja anaweza kurudi nyumbani kupika.

Kuhusu kona ya duka la mkate, hofu yako ni haki yako, na mimi ninayo kuliko wewe. Sasa tumekata shauri: pedi ngumu hazitoki tena nje ya lango la uwanja. Nitazibadilisha palepale, mimi mwenyewe, kabla mtoto hajapanda, hata kama mvua inanyesha, hata kama tunaitwa. Nisipoweza siku hiyo, gari litalala kule na sisi tutaomba lifti. Nikilivunja hilo mara moja tu, lichukue gari wala sitabisha. Lakini kwa sasa siliachii, na mimi na Kezia haturudi na Mjomba. Nyumba yangu ni hii. Tafadhali mpigie simu mkwe wako. Usimwombe msamaha kama hutaki, mwulize tu amekula nini.

Nisalimie Anti Sofie na wanakwaya wote, na umwambie Mjomba Hendrik aje vilevile, chakula kipo na barabara anaijua. Kezia anasema jina lako siku hizi, ila analitamka kama anaita kuku. Mungu akulinde na baridi.

Ni mimi mwanao,
Mercia

Mjomba akija naomba aje na vitu hivi. Jeki ya magurudumu ya Baba, ile nyekundu, maana hii yetu inazama kwenye changarawe ya uwanjani. Spana yake ndefu ya nati za magurudumu. Sweta la Kezia ulilofuma, hata kama mkono mmoja haujaisha. Mapichi makavu, ya Granville. Na kwa ajili ya Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, viatu vyako vya kufunika vidole na blauzi ya mikono mirefu, kwa sababu yule mzee wa ukaguzi hamruhusu abiria aliyevaa ndala, nami nimeshakuandikisha kwenye kiti cha pembeni yangu. Vije na wewe ndani yake.