Gunia Nililoinua kwa Ajili ya Shangazi

Jumapili jioni. Baridi ya Julai haijaondoka mjini tangu asubuhi, na manyunyu yanagonga mabati kidogo kidogo. Miguu yangu iko kwenye karai la maji moto. Nimeoga mara mbili na bado nanuka.

Kwa aliyeingia kwenye blogu hii leo, nieleze kazi yangu. Kwenye mashamba ya kule nyuma ya mtaa wa Karen kuna watu wanaopanda farasi Jumapili asubuhi na kukimbia na kundi la mbwa wa kuwinda, ila hakuna mnyama anayewindwa. Mnyama ni mimi. Natangulia na gunia lililoloweshwa mafuta ya samaki na kitu kingine ambacho Oduor, mlishaji wa mbwa, anakataa kunitajia, naliburuta vichakani na mitaroni, kisha mbwa wanafunguliwa wafuate harufu, na farasi nyuma yao. Nilipomweleza mama yangu huko Kitui kwa simu, aliuliza kama kweli nimekosa kazi nyingine Nairobi nzima.

Majirani zangu hapa mtaani Raila walishaacha kuuliza. Nikitokea tu pale kwenye kona wanafunga milango.

Leo lakini sina hamu ya mzaha. Kuna jambo nimefanya, na nataka kuliandika kabla sijaanza kulipamba.

Kundini kuna mbwa jike mzee. Kwenye daftari ana jina la Kizungu, ila sisi tunamwita Shangazi kwa sababu kazi yake ni kuwagombeza wadogo. Pua yake haina mpinzani. Miguu ndiyo imechoka. Jumapili mbili mfululizo alifika wakati farasi wameshapoa. Ijumaa iliyopita Madam, mwenye mbwa, alimwambia Oduor kwamba Shangazi akiachwa nyuma tena, Jumatatu daktari wa mifugo atakuja na sindano. Hakusema kwa ubaya. Mbwa hawa wamezaliwa kundini, hawajui kuishi nyumbani kwa mtu, na wakizeeka ndivyo mambo yanavyokwisha.

Oduor hana pa kumweka. Anaishi Kawangware, chumba kimoja, watoto watatu. Mimi, mwenye ploti ninayopanga hataki hata kuku. Tulifikiria kila mtu tunayemjua, tukakosa wa kumchukua.

Kwa hivyo asubuhi hii, nikiwa nimevaa raba zangu za mitumba kutoka soko la Toi, nilianza kukimbia na mawazo mawili. La kwanza lilikuwa kufuata njia niliyochorewa. La pili nilijua tangu Ijumaa kwamba ndilo nitakalolifanya.

Katikati ya njia kuna barabara ya murram, isiyo na lami, ambapo mbuzi hupita kila asubuhi, na chini yake kijito. Nilipofika hapo nilipaswa kuburuta gunia moja kwa moja mpaka ng'ambo.

Niliinua gunia.

Nililibeba begani, nikavuka kijito, nikatembea kushoto hatua kama mia, ndipo nikalishusha tena nyasini. Kisha nikakimbia mpaka kilimani, mwisho wa njia, nikasimama kutazama.

Tarumbeta ililia, na mbwa wakaja wakipiga kelele zile ambazo mpaka leo hunisisimua mwili. Nyuma yao farasi kama ishirini, wakitoa moshi puani kwa baridi. Walifika barabarani, kelele zikakatika. Mbwa vijana walikimbia huku, wakarudi, wakanusa mavi ya mbuzi, wakaonekana kama watu waliopoteza anwani. Madam aliinua mkono, farasi wote wakasimama.

Walingoja. Hapo ndipo Shangazi alipotokea, peke yake, akichechemea, pua chini. Hakuwatazama wenzake. Aliingia kijitoni polepole, akatoka upande wa pili, akageuka kushoto. Alipolia mara moja tu, kundi zima lilimfuata.

Nililia kule kilimani. Nilijiambia ni upepo.

Tulipowapa mbwa nyama, Madam alishuka kwenye farasi akamkumbatia Shangazi mbele ya wageni wote. Alisema daktari asije tena, na kwamba Jumapili ijayo Shangazi ataongoza mbio ndefu, ile inayopita mpaka kwenye machimbo ya mawe. Watu walipiga makofi. Mimi nilipiga pia.

Shangazi hakugusa nyama. Alikuja akalala juu ya raba zangu.

Wakati wa kuwapakia kwenye lori alishindwa kuruka. Oduor alimbeba, akaugusa mguu wa mbele, akanionyesha. Ulikuwa umevimba, na nyayo zimechubuka hadi damu. Alifunga mlango wa lori kwanza, ndipo akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Mwikali, uliinua hiyo gunia, si ndio?"

"Niliinua."

"Na Sunday ijayo? Utainua tena?"

Nilipanda lori mbele. Lilinishusha Ngong Road kama kawaida.

Nimekaa na swali lake mchana kutwa. Nikinyamaza, Shangazi ataongoza mbio ndefu kwa mguu ule, na itakuwa ni mimi niliyempeleka. Nikisema ukweli, Madam anaweza kunifukuza, lakini hilo silo linalonitisha. Linalonitisha ni kwamba anaweza kumwita daktari. Nilidhani nimemwokoa. Nilimwongezea wiki moja tu, tena wiki ya maumivu.

Jambo moja limenijia nikiosha raba. Watoto wa mbwa wanapofundishwa kutembea kundini, hufungwa mnyororo mmoja na mbwa mkubwa mwenye adabu, ili wajifunze kwake. Ni matembezi tu, hakuna kukimbia. Sasa hivi kuna watoto sita wakorofi ambao Oduor anashindwa nao. Na nani anajua kugombeza kuliko Shangazi? Nitajitolea kuwatembeza mwenyewe kila asubuhi, hata kama gunia atapewa mtu mwingine.

Nimempigia Oduor simu. Amesema anajua mnyororo uko wapi.

Kesho saa kumi na mbili nitakuwa pale kwenye banda kabla Madam hajanywa chai. Nitamwambia kila kitu, kuanzia begani mpaka kwenye kijito, kisha nitamwomba atoke nje amwone Shangazi akiwa amefungwa mnyororo pamoja na mtoto mmoja wa mbwa.

Sijui atajibu nini. Naomba tu nisilie kabla sijamaliza kusema.