Neno Nililoliandika kwenye Tangi

Nyumbani,
Jirani na mashine ya kusaga,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Msumari,

Hujambo wewe? Na kile kifua kilichokuwa kinakusumbua kwa vumbi la kiwandani, kimetulia? Unakula? Usinijibu kwamba unakula, maana picha uliyotuma nimeiona, na jina la Msumari bado linakufaa vilevile.

Sisi huku wazima, na safari hii siliandiki neno hilo kwa mazoea. Mama hajambo. Goti lake linalalamika asubuhi tu, likishapata jua linasahau. Wifi yangu, mkeo, hajambo, amerudisha mwili na anacheka. Binti yako hajambo kuliko sisi sote: ananyonya, analala, anatupigia kelele, kisha anaanza upya. Tangu azaliwe mama anamwita Bomba, na sasa majirani wote wanamwita hivyo. Tuma jina lake halisi upesi kabla hili halijashika.

Najua habari za kujifungua ulizipata kwa simu siku ileile, na ulilia. Usibishe, tulikusikia. Lakini yapo ambayo hayakusemwa kwenye simu. Simu yetu unaijua, haisikiki mpaka uiweke sauti kubwa, na ukiiweka sauti kubwa fundi cherehani wa jirani anasimamisha mashine yake ili asipitwe na neno. Kwa hiyo nakuandikia. Kaa chini, usome mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Kisima kilikamilika mwezi wa tatu. Unalikumbuka bwawa letu: ng'ombe upande huu, ndoo zetu upande ule, na mvua ikinyesha kila uchafu wa mashambani unateremkia humo. Unakumbuka pia mwaka juzi, mimba ya kwanza ya wifi ilivyoharibika baada ya ile homa ya matumbo, na muuguzi akasema waziwazi kwamba chanzo ni maji. Ndiyo maana niligombea ukatibu wa kamati ya maji, mimi nisiyependa vikao. Nilitaka mtoto wako mwingine akute maji safi. Sasa lipo tangi jeusi juu ya jukwaa la chuma, pampu inayotumia jua, na mabomba matatu. Mojawapo liko hatua arobaini kutoka mlangoni kwetu. Nimezihesabu.

Fundi wa maji alipotia dawa ya kuua vijidudu alituambia tuandike tangazo, kila mtu ajue kwamba maji haya si kama yale ya bwawani. Kamati nzima ikanigeukia. Nani anayeandika magunia yote ya ghalani? Basi nikapanda ngazi na kopo la rangi nyeupe, nikaandika kwa herufi zangu kubwa zilizonyooka: MAJI YA DAWA. Nikashuka, nikarudi nyuma hatua chache, nikayatazama, nikajipenda.

Hebu fikiri, Msumari. Huku kwetu dawa ni vitu viwili. Ni ile unayopewa ukiumwa, na ni ile tunayopulizia nyanya, yenye picha ya fuvu kwenye chupa, ambayo mama anaificha juu ya kabati watoto wasiifikie. Hakuna ya tatu. Na mimi nimeliandika neno hilo kwa herufi za urefu wa mkono.

Mama akaanza kunywa vijiko viwili asubuhi na viwili jioni, baada ya chakula. Siku ya tano akatangaza kwamba amemaliza dozi na goti limepata nafuu, akarudi kwenye mtungi wake wa maji ya bwawani. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Fundi cherehani naye hakusogea bombani. Alisema yeye haumwi, si vizuri kuwamalizia wagonjwa dawa yao. Nikacheka tena, nikaenda kuwasimulia wenzangu ghalani. Mama nikamweleza, fundi cherehani nikamweleza, nikaona kazi imekwisha.

Wifi sikumweleza. Yeye amesoma kuliko mimi, nikajua ameelewa.

Kumbe sivyo. Nikawa namwona anatoka nyumbani kwake na ndoo, tumbo mbele, anapita pembeni ya bomba na kuteremka bwawani. Na mimi, Mungu anisamehe, nikakasirika. Tulikuwa tumekwaruzana kidogo kwa sababu ya sufuria yangu aliyoiunguza, jambo la kijinga kabisa, nikasema moyoni kwamba ananidharau. Nimehangaika na vikao miezi minane, halafu yeye anapita bomba langu kama halipo! Nikamnunia. Wiki tatu nzima nilimnunia mjamzito badala ya kumuuliza swali moja.

Mwezi wa nne akashikwa na homa na kuharisha. Tulipomkuta asubuhi hawezi hata kusimama, dereva wa trekta alifunga tela upesi akatupeleka zahanati, mama amempakata kichwa, mimi nimemshika miguu. Macho yalikuwa yamezama na midomo imekauka. Sikukupigia simu. Ulikuwa na wiki moja tu kwenye kazi mpya, na nilijua ungeacha kila kitu uje, na usingefika kwa wakati. Hilo niliamua peke yangu, na unayo haki ya kunigombeza.

Muuguzi, yule mfupi mwenye sauti ya mwalimu mkuu, alimtundikia dripu, kisha akamuuliza anakunywa maji gani.

"Ya bwawani," wifi akajibu.

"Kwani bomba lenu limeharibika?"

"Hapana. Lakini yale ni ya dawa. Si uliniambia nisiguse dawa yoyote mpaka nikuulize kwanza? Nilikuwa nangoja siku yangu ya kliniki nije nikuulize."

Muuguzi alinigeukia mimi, akanitazama. Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi la wagonjwa, nikalia mbele za watu bila aibu. Mkeo hakuwa mjeuri wala hakuwa na dharau. Alikuwa ametii. Tangu alipompoteza yule wa kwanza alikuwa anashika kila anachoambiwa, neno kwa neno, ili huyu asimponyoke. Na neno lililomrudisha bwawani lilikuwa la kwangu.

Siku mbili tulikaa hatujui lolote. Muuguzi anaweka tumboni kile kipembe chake cha kusikilizia moyo wa mtoto, anasikiliza, anaandika, anaondoka. Siku ya tatu asubuhi muuguzi akanivuta mkono, akaniinamisha, akanitegea kile kipembe sikioni. Nikausikia moyo wa mwanao, unakwenda mbio kama cherehani ya jirani yetu shule zinapokaribia kufunguliwa. Niliyumba nikashika ukingo wa kitanda, muuguzi akaniambia kama nataka kuzimia nizimie kwenye kitanda kilicho wazi, asianze kuniokota. Nilicheka huku nalia.

Wifi nilimwomba radhi palepale, kwa mdomo wangu, bila kuzungukazunguka. Akaniambia, "Wifi, nilitaka kukuuliza. Nilikuogopa tu, ulikuwa umekunja uso." Ndugu yangu, maneno hayo yaliniuma kuliko kama angenitukana. Ile sufuria nimempa, iwe yake.

Tuliporudi nikaitisha kikao cha kubadilisha tangazo. Mwenyekiti akataka tuandike MAJI YALIYOTIBIWA. Fundi cherehani akauliza yalikuwa yanaumwa nini. Mwingine akataka MAJI SALAMA, watu wakauliza kama yapo mabomba mengine ya hatari. Tulibishana mpaka jua likatugeukia. Mwisho nikaenda kumuuliza wifi, aliyekuwa bado amelala anapata nguvu. Akasema, "Andika tu nani anaruhusiwa kunywa." Nikapanda ngazi, nikapaka rangi nyeusi juu ya majivuno yangu, nikaandika upya: MAJI YA KUNYWA. WAZIMA. WAGONJWA. WAJAWAZITO. WOTE. Muuguzi alipokuja kuchanja watoto alikunywa kikombe kizima chini ya tangi, watu wakitazama, akafuta mdomo, akaomba kingine. Tangu siku hiyo bwawa tumewaachia ng'ombe. Na mwezi uliopita hakuna hata mtu mmoja aliyepelekwa zahanati kwa tumbo, si mtoto si mzee. Nalala usingizi mzito, Msumari, ule wa utotoni.

Mkeo hataki ujue haya. Anasema yamepita, na hataki utukasirikie sisi wawili, mimi kwa neno langu na yeye kwa kunyamaza. Nimekuandikia kwa sababu ni mkeo na ni mwanao, na sikuweza kuendelea kupokea shukrani zako za maji kila unapopiga simu huku najua nilichokifanya. Kama una hasira, ziandike zote, nitazisoma. Yeye usimguse.

Mama anakusalimu na anauliza kama ile fulana ya mikono mirefu unaivaa. Shangazi anakusalimu, naye goti limeanza, anauliza dozi ya mama ilikuwa vijiko vingapi. Fundi cherehani anakusalimu sana na analalamika kwamba siku hizi unapiga simu mara chache. Mungu akulinde katika kazi yako, akupe afya, na akurejeshe kwetu ukiwa mzima.

Nikuambie la jana, kisha nifunge bahasha. Wifi alikuja bombani amembeba Bomba, akasimama chini ya tangi akisoma maandishi yangu taratibu, kidole hewani. Kisha akaniita kwa sauti kubwa, mbele ya watu wote waliopanga ndoo: "Wifi! Hapa mtoto mchanga hayumo. Nimpe au nisimpe?"

Aliniuliza, Msumari. Hakungoja kliniki, wala hakuutazama kwanza uso wangu umekaaje.

Nikamwambia asimpe bado, miezi sita ni maziwa yake tu, hata muuguzi ndivyo anavyosema. Lakini pale chini ya WOTE nimeona pamebaki nafasi. Mwezi wa kumi na mbili anatimiza hiyo miezi sita. Omba likizo, uje unishikie ngazi nimwandike.

Ni mimi dada yako nikupendaye, asiye mkali kama zamani,

Katibu wa maji