Baba, Ulikuwa wa Kushoto

Baba,

Mama yuko salama. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza. Anakaa kwangu hapa Eldoret, mtaa wa West Indies, anameza dawa za presha bila kusukumwa, na bado anasema mkate wa dukani ni sifongo. Mvua imerudi, watu wa huku wamepanda mahindi. Redio yako naiwasha saa ya taarifa, halafu naizima kabla haijaisha. Haina mtu wa kuijibu.

Kuna jambo nilipaswa kukuambia pale kaburini. Sikuweza. Watu walikuwa wengi, na waliokuwa wakinipa pole walikuwa wakinisifu kwa jambo lenyewe. Nimelibeba tangu siku hiyo. Kazini kwenye kemisti nampa mtu dawa, namweleza asubuhi moja, jioni moja, na huku moyoni nasema, wewe ndiye ulimkana baba yako mbele ya umati.

Acha nianze mbali kidogo, maana nikianzia mwisho nitashindwa kumaliza.

Nilikua nikijua kwamba baba za watu wengine wana timu ya mpira, na baba yangu ana upande wa kushoto. Sikujua maana yake. Siku moja nilikuuliza, ukaacha kusahihisha madaftari, ukapanga vikombe mezani. Ukanieleza kwamba Wafaransa walipokuwa wanagombana juu ya mfalme wao, waliotaka aendelee na nguvu zake walikaa mkono wa kulia wa mwenyekiti, na waliomkataa wakakaa kushoto. "Tangu hapo, nyara," ukaniambia, maana hivyo ndivyo ulivyoniita, binti yangu kwa lugha ya kwetu, "kila mtu duniani ana kiti, hata asiyejua amekaa wapi." Mimi nikauliza Mama amekaa wapi. Mama akajibu kutoka jikoni kwamba yeye hajakaa tangu asubuhi.

Kisha kulikuwa na Mzee Hassan.

Watu walidhani nyinyi ni maadui. Ukitoka shule ulikuwa unapitia duka lake la spea za lori, unakaa kwenye tairi kuukuu, yeye anakaa kwenye jingine, na mafundi wanapunguza kugonga vyuma ili wasikie. Mlibishana kuhusu tawala zilizokufa zamani kana kwamba zilikuwa zinagombea udiwani. Ufashisti wa Waitaliano je, ni wa kushoto au wa kulia? Yeye alisema ni wa kushoto, kwa sababu yule kiongozi wao alianza na wajamaa, akaandika magazeti yao, na serikali ikashika kila kitu. Wewe ulisema tusitazame alikotoka mtu, tutazame aliwafunga akina nani kwanza na akina nani walimpa fedha. Aliwafunga viongozi wa wafanyakazi. Wenye viwanda walimpenda. Basi ni wa kulia. Akakuuliza, na Wanazi, walioweka neno ujamaa katika jina la chama chao? Ukamjibu kwamba hata Eldoret kuna jambazi anaitwa Baraka. Fundi mmoja alicheka mpaka akaangusha spana.

Serikali yetu wenyewe, ile iliyojiita ya ujamaa wa Kiafrika huku watu wachache wakigawana mashamba, uliiita ya kulia iliyoazima shati la kushoto. Hapo Mzee Hassan hakukupinga.

Lakini mlikuwa na hoja moja ambayo hamkuimaliza. Kwao Somalia, wanajeshi walitwaa nchi wakatangaza ujamaa wa kisayansi. Mzee Hassan alikuwa mwanafunzi wakati huo. Walimtuma nyikani na wenzake kuwafundisha wafugaji wa ngamia kusoma na kuandika, na mpaka leo husema hakuna kazi aliyoipenda kuliko ile. Aliporudi mjini alikuta malori ya baba yake yamechukuliwa kwa jina la wananchi. Baba yake alilalamika, akafungwa, akatoka gerezani hawezi kushika kikombe. Ndipo familia ikavuka mpaka. Kila alipokueleza hayo alikuuliza swali lile lile: wale walikuwa wa upande gani? Na wewe ulijibu jibu lile lile, kwamba ule ulikuwa udikteta wa kijeshi, haukuwa kushoto hata siku moja. Nilikuwa nakusikia unavyolijibu haraka kuliko mengine yote.

Na ndiye huyo huyo aliyekushika ulipoanguka. Nilikuwa darasa la sita. Askari walikuja shuleni kwako, wakakuondoa mbele ya kidato cha tatu, wakaja nyumbani wakabeba vitabu vyako kwenye gunia la mahindi. Ulirudi kutoka gerezani umekonda, na kazi hukuwa nayo. Ulikaa miaka bila chaki mkononi kwa sababu ulikuwa umewaambia wanafunzi kwamba ardhi ya nchi hii haikugawanywa kwa haki. Wenzako wa shule walikuwa wakikuona barabarani wanavuka upande wa pili. Mzee Hassan alikuja mlangoni akasema watoto wake hawajui historia, na kwamba hataki mwalimu mwingine. Akaongeza kwamba usije ukawaharibu kwa siasa zako. Uliwaharibu, Baba. Yule wa pili ni wakili wa wafanyakazi huko Nairobi.

Hayo yote niliyajua. Hakuna aliyeyajua kuliko mimi.

Ulipofariki, Baba Mdogo Ochieng alishika kamati ya mazishi kule kijijini kwetu. Alisema mheshimiwa, mbunge wa huko, amekubali kuja, na kwamba kijiji kinamtegemea kwa kisima. Mheshimiwa huyo, kabla ya siasa, alikuwa mtu mkubwa wa elimu katika utawala ule ule uliokufuta kazi. Baba Mdogo aliniita pembeni nikiwa nimeshika rasimu ya wasifu wako. Hakuwa mkali. Aliniomba tu. "Mambo ya kushoto na kulia yaache hukohuko Eldoret," akasema. "Hapa tunamzika ndugu yangu." Kisha akasema programu ni ndefu, yule rafiki yako Msomali asiwekwe kuzungumza, ataleta ubishi.

Nilikuwa nimechoka. Hiyo si sababu, nakuambia vile ilivyokuwa. Nilichukua kalamu, na pale palipokuwa na gereza nikaandika kwamba Mwalimu alijiondoa kazini kwa muda ili kutunza familia yake changa. Familia yake changa, Baba. Mimi. Nilijitumia mwenyewe kukufunika.

Nikausoma kwa sauti nzuri. Mama alikuwa ameketi mbele, akainua uso akaniangalia, halafu akauinamisha. Baada yangu mheshimiwa alichukua kipaza sauti, akasema marehemu alikuwa mtu wa serikali siku zote, mtu wetu, mtu wa utulivu, asiyependa fujo za wale wa mrengo wa kushoto. Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga. Mikono yangu ilikwenda yenyewe.

Mzee Hassan alikuwa nyuma kabisa, nje ya hema, kofia yake nyeupe ikionekana kati ya migomba. Alikuwa ametoka Eldoret alfajiri na mguu wake ule mbovu. Alisubiri jina lake. Nilimwona akisubiri. Watu walipokwisha kutupa udongo alikuja akanishika mkono akasema, "Pole, mwanangu. Baba yako alifundisha vizuri." Hakukaa kula.

Niliporudi mjini niliacha kupita mtaa wake. Nilizunguka kwa nyuma ya soko kila siku, kwenye matope, ili nisione lile duka. Mama hakunilaumu hata mara moja. Aliuliza tu, jioni moja tukichambua mboga, kama nimeshaenda kumshukuru Hassan kwa kufika. Nikasema bado. Akaendelea kuchambua. Baadaye akasema, "Baba yako alikuwa hapiti siku tatu bila kumwona."

Nikaenda Jumamosi mchana, baada ya kufunga kemisti. Alikuwa ameketi kwenye tairi lake. Lile lako halijakaliwa, wameliegemeza ukutani. Akaagiza chai yenye iliki, nikaanza kuomba msamaha. Akaninyamazisha kwa mkono. Akasema anajua kilichotokea, kwamba amezika ndugu wengi mbele ya wakubwa, anajua wakubwa wanakula nini matangani.

Kisha akaniambia jambo ambalo hukuniambia.

Alisema ulipita kwake kabla hujalazwa, unatembea polepole, unapumua kwa shida. Mkaanza kama kawaida. Yeye akarudia swali lake la wale wanajeshi wa kwao, na wewe ukajibu kwamba hawakuwa wa kushoto. Ndipo akakukumbusha ule mwaka wa uchaguzi, nyumba zilipochomwa. Mwalimu mwenzako wa Burnt Forest alipoteza nyumba na ghala la viazi, akalala na watoto uwanjani. Watu wa upande tulioupigia kura wote walisema waliochoma ni wahuni, si wetu. Wewe ulisimama kanisani ukasema, "Ni wetu. Mimi nilipiga kura nao." Nakumbuka Jumapili hiyo, Baba. Nakumbuka vile watu walivyokaa mbali nasi, na mimi nikiona aibu, nikitamani ungenyamaza.

Mzee Hassan akakuuliza, "Wale hukuwakana. Mbona hawa wangu unawakana?"

Akasema uliinamisha kichwa, ukashika magoti. Mafundi walidhani umezidiwa, mmoja akakimbilia maji. Halafu ukasema, "Walikuwa wa kushoto, Hassan. Walikuwa wetu. Malori ya mzee wako yalichukuliwa na watu wangu, na mimi nilipaswa kukuambia hivyo siku ya kwanza."

Aliponieleza hayo hakuwa na furaha ya mtu aliyeshinda. Alisema alikungojea muda wote huo useme neno lile, na uliposema, alitamani ulirudishe. Alikuuliza kama sasa utahama upande. Ukamwambia huhami. Ukasema ukoo haukimbiwi kwa sababu kuna mwizi ndani yake, unabaki ili uwe wa kwanza kumtaja. Mkanywa chai. Hamkubishana tena siku hiyo, na haikuwepo siku nyingine.

Baba, nilitoka pale sioni njia. Wewe, unayepumua kwa shida, ulikubali makosa ya watu usiowahi kuwaona, wa nchi usiyoikanyaga, kwa sababu walijiita kwa jina lako. Na mimi niliyekunywa uji wa miaka ile, niliyeliona lile gunia likitoka mlangoni, nilishindwa kukubali kitu chako kilicho safi. Hukuwahi kuomba kitu ila kuhesabiwa mahali pako. Nilikupa kiti cha mheshimiwa.

Jumapili iliyofuata nilimpigia Baba Mdogo simu nikamwambia nitausahihisha wasifu, na kwamba kwenye kumbukumbu ya mwaka utasomwa upya, wenye gereza na sababu yake. Akauliza kama nataka kisima kichimbwe au kisichimbwe. Nikamwambia watu wana kiu, najua, na kwamba siwezi kukuuza kwa maji mara ya pili. Akasema nimerithi kichwa chako kibovu. Akakata. Hajapokea simu zangu tangu hapo, na kisima hakijachimbwa. Mama Akinyi, jirani yenu kule nyumbani, amesema wanawake bado wanashuka mtoni, na wengine wanataja jina langu. Hilo nalo limo ndani yangu. Sikujua kwamba lingekuja, au nilijua nikajifanya sijui. Nimeandika kwa watoto wa Mzee Hassan na kwa wanafunzi wako wa zamani kuhusu maji hayo. Baadhi wamejibu. Sijui kama itatosha.

Mama nilimweleza yote. Alifuta macho kwa kanga, akasema siku ile ya mazishi alitaka kusimama na hakusimama. Tukashikana. Nadhani ndiyo mara ya kwanza tulipolia pamoja vizuri.

Sasa nikuache, Baba. Nimechoka. Siombi unisamehe, maana ungenisamehe haraka mno, kama ulivyowasamehe wale waliokuwa wakivuka barabara. Pumzika. Mimi bado nina kazi.

Lakini ahadi hii uichukue. Tutakapokusanyika nyumbani mwaka ukitimia, nitausoma wasifu wako mzima bila kuruka neno, awepo mheshimiwa au asiwepo. Na wa kwanza kuzungumza baada yangu atakuwa Mzee Hassan. Nilikwenda kumwomba jana. Alifikiri kidogo, akasema atakuja, lakini nisitegemee hotuba ya kukusifu, kwa sababu hakuwahi kukubaliana nawe katika mengi na hataanza leo ati kwa kuwa umekufa. Amesema ataanza kwa kukupinga.

Nimemwambia aanze hivyo.

Binti yako,
Achieng